Aubin Chevreteau na Wigo wa Mtoni

Mume wangu hakuwa mlevi, na hakuwa kipofu. Naanza na hayo mawili kwa sababu ndiyo yanayogawiwa pamoja na mikate dukani kwa Huguette kila asubuhi, na wageni wanaokuja kutembelea bustani za kasri la Vaurigny hupitia hapo kwanza. Wanapofika juu langoni huwa wameshashiba uongo.

Sikusimuliwa. Nilikuwa kwenye foleni, mtu wa tano, na Huguette alikuwa ameinamia kikapu, hakuniona.

"Mzee Chevreteau alikuwa mtu mwema, sikatai," alikuwa akimwambia mgeni mmoja mwenye kamera. "Lakini chupa, bwana wee! Na macho nayo yalikuwa yamekwisha. Aliukata ule wigo wa mtoni kama mtu anayekata jibini huku anasinzia. Wala si mimi ninayesema. Alikiri mwenyewe, kwa maandishi."

"Huguette," nikasema kutoka pale nilipokuwa, "nipe mkate mmoja, usioungua. Ukishamaliza kumzika mume wangu mara ya pili, lakini. Sina haraka."

Duka zima likageuka. Huguette akawa mwekundu mpaka shingoni. "Lo, Bertille! Sikukuona, mwenzangu."

"Najua hukuniona. Ungeniona ungesema alikuwa mtakatifu."

Basi naandika. Nilifundisha hesabu mjini Chinon miaka thelathini na minne, na sijazoea kuacha jibu lisilo sahihi likae mbele za watu.

Aubin alizaliwa chini ya kasri, na ninaposema chini sitanii. Baba yake alilima uyoga katika mapango yaliyobaki baada ya mawe meupe kuchimbwa ili kulijenga kasri lenyewe. Nyumba yao ilichongwa kwenye mwamba: mlango na dirisha moja mbele, nyuma kote mlima. Alikuwa akisema kwamba mpaka anatimiza miaka kumi na tisa alikuwa ameona giza la kumtosha, na ndiyo maana alipoajiriwa bustanini alikitazama kila kitu kana kwamba ameazimwa macho kwa siku moja.

Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Tai aliivaa siku ya harusi yetu na siku za mazishi, basi. Na kuhusu mvinyo: Jumapili baada ya misa, glasi moja ya mvinyo mweupe na kipande cha jibini la mbuzi, kisha anaigeuza glasi na kuisimamisha kichwa chini mezani. Nilikuwa namimina mimi, kwa hiyo najua. Wanaosema chupa watuambie nani aliyekuwa akimmiminia hizo nyingine.

Bustani za Vaurigny si maua ya kujiotea ovyo. Ni mistari, miraba na miduara, yote imechorwa kwa miti mifupi ya buis, yenye majani madogo magumu yasiyopukutika mwaka mzima, iliyopandwa ikibanana na kukatwa mpaka ikawa kuta za kijani. Aubin alikuwa mkuu wa bustani, na chini yake watu watatu. Walikata mwishoni mwa Mei, siku ya mawingu. Jua likichomoza, makasi yanarudi bandani, kwa sababu jani lililokatwa juani huungua. Chini ya wigo walitandika mashuka makuukuu ya kitani ya kasri, yenye herufi za ukoo pembeni, ili vipande visibaki kwenye changarawe. Makali ya mkasi yalichovywa kwenye ndoo ya dawa kila baada ya hatua kumi. Na kabla mkasi wa kwanza haujafunguka, Aubin aliwakusanya wale watu watatu na kuwaambia maneno aliyoyapokea kwa mzee Théophane, mkuu aliyemtangulia, ambaye naye aliyapokea kwa mwingine:

"Kila kitakachokatwa katika bustani hii nimekikata mimi."

Yaani kateni bila hofu, maana mkono unaotetemeka ndio unaoharibu. Mkikosea, mimi ndiye nitakayeitwa ofisini. Katika miaka arobaini na nne aliitwa mara mbili tatu kwa makosa yasiyo yake, akavua kofia, akasemwa, akavaa kofia, akarudi kazini. Hakuna aliyewahi kujua kosa lilikuwa la nani. Nawaomba myashike maneno hayo. Ndiyo yaliyokuja kusokotwa kuwa kitanzi.

Mimi nilimjua kwa sababu ya wigo huohuo wa mtoni. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo kikuu na shahada mbili na kiburi cha shahada tatu. Nikaleta darasa langu kuipima bustani. Upande wa mto kuna ukuta mrefu wa mawe, na mbele ya ukuta huo, ukifuatana nao mita sitini, uko wigo. Nikaweka ubao juu ya wigo, na pimamaji juu ya ubao. Nikasikia sauti ndogo nyuma yangu.

"Mwalimu, umepoteza nini humo?"

"Sijapoteza kitu. Nathibitisha kwamba wigo wenu umenyooka."

"Na umenyooka?"

"Hapana," nikasema, na sikuificha furaha yangu. "Unashuka upande wa magharibi. Karibu sentimita arobaini, mwanzo hadi mwisho."

"Thelathini na nane," akasema. "Njoo kwenye ngazi."

Nikamfuata mpaka kwenye ngazi kuu za kasri, wanafunzi wakicheka nyuma yetu. Akanisimamisha kwenye kipago cha juu kabisa. "Haya. Nionyeshe ulipopinda."

Nikatazama, na sikuona. Juu ya wigo, ukingo mweupe wa ukuta ulionekana kama utepe, upana wa kiganja, uleule toka mwanzo hadi mwisho. Mistari miwili sambamba. Ningeweza kuapa.

"Ukuta wenyewe ndio unaoshuka," akasema. "Waliujenga hivyo ili maji ya mvua yakimbilie mtoni. Wigo unaufuata ukuta. Ukiunyoosha kwa pimamaji, utaupinda kwa macho. Na watu wanakuja hapa na macho, mwalimu. Wewe ni wa kwanza kuja na ubao."

Nilirudisha pimamaji kwenye mkoba. Mwaka uliofuata tukaoana. Katika maisha yetu yote, kila nilipong'ang'ania jambo mezani kwa hoja moja, mbili, tatu, hakubishana nami. Alisema tu, "Njoo kwenye ngazi, Bertille," akaendelea kula.

Nasimulia haya ili ijulikane kwamba kosa alilokuja kulifanya Bwana Hennequin nilishawahi kulifanya mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilikwenda kwenye ngazi.

Bwana Hennequin aliletwa kuwa meneja wa kasri Aubin alipobakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikuwa na viatu safi na haraka nyingi. Wakaguzi wa bustani za kihistoria walikuwa wanakuja Septemba, na yeye akaleta watu wenye mashine ya mwanga mwekundu kupima kila mstari. Wakamwachia orodha. Mstari mmoja ulisema: wigo namba saba, tofauti sentimita thelathini na nane.

Mazungumzo yao Aubin alinisimulia siku hiyohiyo, akivua buti kwenye kizingiti.

"Nikamwambia, Bwana Hennequin, njoo kwenye ngazi. Akasema, Aubin, macho hudanganywa, mashine haidanganywi. Nikamwambia ni kweli, lakini mashine haikati tiketi."

"Akasemaje?"

"Akasema anataka kila kitu kiwe sawa kwenye karatasi. Nikamwambia karatasi aikate atakavyo, wigo sikati. Na Agosti, jua kali, kwenda sentimita thelathini na nane ndani ya mti mkavu usio na jani? Akaniuliza kama nakataa. Nikasema nakataa, na aandike hapo kwamba nimekataa, na aandike kwa wino."

Nikacheka. Aubin hakucheka. Alijua mtu wa namna hiyo hapigani na wewe mbele, anangoja ugeuke.

Aligeuka tarehe ishirini na mbili Agosti. Alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kushoto, na siku hiyo saa tatu asubuhi ndiyo aliyopangiwa kufanyiwa upasuaji mjini Tours. Nilimpeleka mimi. Nilikaa kwenye kiti cha korido na kusahihisha fumbo la maneno ambalo mtu alikuwa amelijaza vibaya. Tulirudi jioni, jicho limefunikwa, na daktari akamwamuru asiiname wala kutoka nje kwa siku mbili. Siku ya tatu akasema twende juu, anataka kujua dunia ikoje na lenzi mpya.

Tulipanda ngazi polepole, mkono wake juu ya mkono wangu. Kwenye kipago cha juu akasimama.

Utepe mweupe haukuwepo tena. Upande wa magharibi ulikuwa upana wa kiganja kama zamani, lakini kadiri macho yalivyokwenda mashariki ulitanuka, ukatanuka, mpaka ukawa kama kabari ya jiwe. Wigo ulionekana kama umezama upande mmoja. Na huko mashariki haukuwa wa kijani. Ulikuwa vijiti vitupu, na majani machache yaliyosalia yalikuwa yameungua rangi ya tumbaku.

Kwa pimamaji ulikuwa umenyooka kabisa. Hilo silikatai.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi," akasema.

"Aubin, ulikuwa kitandani Tours!"

"Kila kilichokatwa katika bustani hii nimekikata mimi."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mume wangu pale kwenye ngazi, na jicho lake moja likiwa bado jekundu kwa upasuaji.

Jioni ile mtu aliyeishika mashine ya kukatia wigo alikuja jikoni kwetu. Nitasema kwamba alikuja, kwamba alilia, na kwamba nilimpa kahawa kwa sababu anayeingia kwangu hupewa kahawa. Aliambiwa akate au atafute kazi kwingine.

"Mkuu, nikuambie nini?" alisema. "Nilijua. Nilijua nilipoiwasha tu ile mashine."

"Usiniambie kitu," Aubin akamjibu. "Mwagilia upande wa mashariki asubuhi mapema na jioni. Funika kwa yale mashuka mchana. Na usimwambie mtu mwingine yeyote."

"Watasema ni wewe."

"Si ndivyo ninavyowaambia kila Mei? Au ulidhani ni maneno ya kufungulia kazi tu?"

Wakaguzi walikuja, wakauona wigo, wakakunja uso. Bwana Hennequin akamtaka Aubin aandike maelezo. Aubin akaandika sentensi moja, mnaijua, na kutia sahihi. Nilimwona akiandika. Nikamwambia, "Ongeza tarehe uliyokuwa hospitali." Akasema akiiongeza watauliza nani, na wako watatu tu, atajulikana kabla ya chakula cha mchana. Bwana Hennequin aliipokea barua hiyo, yeye aliyetoa amri, akawaonyesha wakaguzi. Hakuongeza neno. Hilo nalisema waziwazi, na kwa jina langu.

Desemba Aubin akastaafu. Hakukuwa na sherehe. Alirudisha funguo, akabaki na kamba ya kupimia, ya kitani iliyopakwa nta, na vigingi vyake viwili, kwa sababu vitu hivyo Théophane alimpa yeye, si kasri. Aliishi miaka mitatu mingine akilima vitunguu na kusikia kila kilichosemwa. Kila nilipotaka kutoka nje na kujibu alisema, "Waache." Moyo ulimsimama kati ya matuta ya vitunguu, asubuhi ya Aprili. Nikawaacha kweli, kwa ajili yake. Wakanisalimia kanisani kwa vichwa vilivyoinama upande, kama wanavyomsalimia mke wa mtu aliyeanguka.

Kisha wakaweka ubao.

Waliuweka mwaka huu majira ya kuchipua, mbele ya wigo, kwa maandishi mazuri: "Wigo huu uliharibiwa kwa kosa la mkuu wa bustani wa zamani. Tunaurejesha polepole. Asanteni kwa uvumilivu wenu." Jina hawakuandika. Vaurigny nzima ina mkuu wa bustani wa zamani mmoja tu. Mjukuu wangu Apolline alikwenda na shule, akachaguliwa kuusoma kwa sauti, akausoma mpaka mwisho, kisha rafiki yake akamuuliza, "Si babu yako huyo?" Aliporudi nyumbani hakula.

Umbea unapita. Ubao umechimbiwa ardhini, na mjukuu wa mjukuu wangu angeusoma. Niliandika barua tatu kwa ofisi ya kasri. Nilijibiwa mara moja tu: maoni yako yamepokelewa.

Basi Septemba, katika Siku za Urithi, wakati nusu ya mkoa inapanda kule juu, nilivaa koti langu la buluu, nikachukua mkoba, nikapanga foleni kama watu wengine. Langoni msichana akanitambua.

"Bi Chevreteau, wewe pita tu, hulipi."

"Nalipa," nikasema. "Nataka tiketi. Nimekuja kutembelea bustani, kama mgeni."

Nikajiunga na kundi la watu wapata thelathini. Mwongozaji alikuwa Maëlle, kijana wa chuo, mpole, aliyeyakariri maelezo yake. Alitutembeza kwenye miraba ya mboga, kwenye kisima, akafika mbele ya ubao. "Na hapa, kwa bahati mbaya, mkuu wa zamani wa bustani…"

"Samahani, binti," nikasema. "Unaweza kunisaidia kushika kamba?"

Akanitazama. "Kamba gani, mama?"

Nikaifungua mkobani. Mita sitini na tano za kitani, nyeupe, inanukia nta. "Nahitaji watu kumi na wawili. Muingie kwenye kinjia kati ya wigo na ukuta, kila mmoja baada ya hatua saba. Weka kiganja chini ya ukingo mweupe wa ukuta, na kamba iwe chini ya kiganja. Msiguse wigo. Ni hesabu ya darasa la saba, hakuna atakayeumia."

Watu wakiwa matembezini hupenda kupewa kazi. Bwana mmoja mnene, muuza nyama kutoka Loudun, alikuwa wa kwanza. "Mama, mimi kiganja changu ni cha ng'ombe, si kitaharibu hesabu?" Mkewe akamsukuma, "Ingia huko, leo ujue kufanya kitu." Wakaingia wawili, watano, wanane. Nilipungukiwa. Hapo ndipo wale watunza bustani watatu waliotumikia chini ya Aubin, ambao bado wako kazini, walipotoka bandani. Wote watatu. Hawakuniuliza kitu. Walivua kofia, wakaingia kwenye kinjia, wakaishika kamba. Wa kumi na mbili alikuwa Huguette, aliyekuwa amefunga duka ili aje kuona kitakachotokea.

"Nishike wapi?" akaniuliza, hakunitazama usoni.

"Palepale unapoona kweli ilipo," nikamwambia.

Bwana Hennequin akaja mbio, viatu vyake safi vikirusha changarawe. "Bi Chevreteau! Hairuhusiwi kugusa mimea ya kihistoria!"

"Sigusi mmea. Nimeshika kamba ya mume wangu. Njoo kwenye ngazi."

"Sina muda wa…"

"Miaka minne iliyopita pia hukuwa na muda. Leo kuna watu wengi wanaotazama, Bwana Hennequin. Njoo."

Akaja. Wengine wote wakatufuata, na Maëlle nyuma yao. Kwenye kipago cha juu nikamwonyesha kwa kidole. Kamba nyeupe ilikwenda sambamba na ukingo mweupe, mita sitini, bila kuyumba. Upande wa magharibi ililala juu ya wigo kama imewekwa hapo na Mungu. Kutoka hapo ikaanza kuelea, na mashariki ilikuwa hewani kabisa, wigo uko chini yake mkono mzima, na katikati pengo la umbo la kabari. Kila mtu aliona kilichokosekana na kinapoanzia.

"Ina maana wigo ulikuwa unafuata kamba?" mtu akauliza.

"Zaidi ya miaka mia tatu," nikasema. "Ukuta unashuka. Ulijengwa ushuke."

"Kumbe aliyelewa ni ukuta!" muuza nyama akapiga kelele kutoka kule chini, na watu wakacheka, na mimi nikacheka pia, kwa mara ya kwanza katika bustani ile tangu Agosti ile.

Bwana Hennequin hakucheka. "Wigo uko sawa kwa kipimo," akasema. "Tena mumeo alikiri. Barua ninayo."

"Barua unayo, na mimi ninazo mbili." Nikazitoa mkobani, nikampa Maëlle azisome, kwa kuwa ana sauti nzuri. Ya kwanza ilikuwa kadi ya hospitali: Chevreteau, Aubin, jicho la kushoto, tarehe ishirini na mbili Agosti, saa tatu asubuhi. Ya pili ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa banda la vifaa, ambayo Aubin aliibandua na kuikunja bila kusema. Ilikuwa na mistari miwili: "Wigo namba saba usawazishwe kwa mashine tarehe 22 Agosti. Hennequin."

Maëlle alisoma mpaka kwenye jina. Akamrudishia Bwana Hennequin karatasi, si mimi. Nikaichukua mkononi mwake kabla hajaikunja.

Watu waliokuwa kwenye ngazi walimtazama. Alikuwa amewaangalia wakaguzi usoni kwa barua ya mtu mwingine, na sasa hakuwa na pa kuangalia ila kwenye wigo. Akauangalia. Naamini ndiyo mara ya kwanza aliuona.

"Ubao utaondolewa," akasema hatimaye. "Wiki ijayo nitaagiza…"

"Sasa," nikasema. "Una mikono."

Akashuka. Akautikisa, haukutoka, akautikisa tena. Hakuna aliyemsaidia. Ulipong'oka alibaki ameukumbatia na udongo kwenye shati, akaenda nao ofisini hivyohivyo. Aliniambia baadaye kwamba wangeweza kuandika mwingine, wenye jina la Aubin na shukrani. Nikamwambia Aubin ana jiwe lake makaburini, lina jina na tarehe mbili, linamtosha.

Nilikuwa nazungushia kamba kwenye vigingi vyake, kama alivyozungushia yeye, Huguette aliponijia. Wale watunza bustani watatu walikuwa hatua chache tu, wakisubiri nimalize. Wageni nao hawakuwa wameondoka.

"Bertille," akasema, na lazima nikiri aliomba radhi kwanza, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika. Kisha hakuweza kujizuia. "Lakini kama si Aubin, basi nani aliishika mashine? Hennequin hajui hata kuiwasha."

Mmoja wa watu wale watatu alikuwa anatazama chini. Wengine wawili walikuwa wanatazama chini pia.

"Huguette," nikasema, "kafungue duka. Mikate inakauka."

Tangu siku hiyo nimeulizwa kwenye mlango wa kanisa, sokoni, kwa simu, na hata na Apolline, ambaye sasa anakula. Huguette anahesabu kwa vidole vitatu na kunitazama usoni kila anapokitaja kimoja, akidhani nitakunja uso. Sikunji. Mume wangu hakuwa amelewa, hakuwa kipofu, na hakuwepo. Amri ilikuwa ya Bwana Hennequin, na karatasi ninayo. Mkono ulikuwa wa mtu, na mtu huyo Aubin alimpa neno lake, na neno la Aubin limebaki kwangu pamoja na kamba. Sitalitoa kwa mkate, wala kwa kanisa, wala kwa mjukuu. Msiniulize tena. Sisemi.